Mwaka wa Nguzo ya Tatu

Habari za kifo cha Njeru zilinikuta mlangoni kwangu Kiirua nikichambua maharagwe, miguu ikiwa imevimba kama kawaida yake siku hizi. Aliyepiga simu alikuwa mjukuu wake, msichana mwenye sauti ya haraka ambaye sikuwahi kumwona. Akaniambia kwamba babu yake amepumzika na kwamba mazishi ni Alhamisi, nyumbani kwake Gachoka. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaendelea kuchambua mpaka maharagwe yakaisha, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Nilifanya kazi katika kampuni kubwa ya uhandisi kwa miaka ishirini na tisa. Wenzangu wa wakati ule wanaondoka mmoja mmoja, na ukweli ni kwamba nimechoka na mazishi. Nimechoka na viti vya plastiki vinavyozama kwenye udongo, na hotuba za watu wasiomjua marehemu, na wali wa saa tisa. Lakini kwa Njeru nilijua nitakwenda hata kwa kutambaa. Kazi yangu yote nilifundishwa na yeye, ndani ya mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo huo nilimkosea. Ya nyumbani kwetu na ya shule nayaacha. Hayana uzito hapa. Nitausimulia mwaka huo peke yake.

Tuliiita Kampuni, basi, kana kwamba hapakuwa na nyingine duniani. Ilijenga barabara, madaraja na matangi ya maji, na ofisi yake ya huku kwetu ilikuwa mjini Meru, jengo refu la mawe lenye korido iliyonuka wino na rangi ya sakafu. Niliingia humo mwezi wa kwanza nikiwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha kupima udongo na zege, msichana pekee katika darasa langu. Siku ya kwanza karani wa stoo alinipa ovaroli, buti za kiume zilizonizidi, na namba. Hakuniuliza jina. Aliandika namba kwenye buti kwa rangi nyeupe akanisukumia juu ya kaunta. Nilizivalia soksi mbili mbili na nikazipenda kuliko viatu vyovyote nilivyowahi kuvaa. Leo nikisikia vijana wakiyatukana makampuni makubwa huwa nanyamaza, kwa sababu nakumbuka furaha ile. Mshahara ulifika siku yake. Ukiugua ulikuwa na kadi ya hospitali. Palikuwa na chumba kizima cha ramani, meza kubwa yenye mteremko, na wazee watatu waliokagua kila mchoro, mmoja baada ya mwingine, kwa kalamu za rangi tofauti, ili kosa la mtu mmoja lisipite. Ungeuliza swali, mtu angekujibu. Ungeharibu kifaa, kingeletwa kingine. Mtu aliyetoka kwenye nyumba ambamo kikombe kikivunjika ni msiba anaelewa ninachosema.

Nilipanga chumba Majengo, nyuma ya msikiti, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Zubeda. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na ukuta wa mbao ulionitenganisha na jikoni kwake, kwa hiyo niliishi nikisikia mafuta yakichemka na mazungumzo yote ya nyumba ile. Alfajiri alikaanga mahamri ya kuuza, na harufu yake iliniamsha kabla ya adhana. Mama Zubeda ndiye aliyeninyoosha Kiswahili. Mimi nilikuja na kile cha shuleni na sokoni, cha kusema "hii mtu" na "hiyo maji", naye alikuwa akiacha kukanda unga, anairudia sentensi yangu vizuri, kisha anaendelea kukanda bila kunicheka. Jumapili moja nilimsikia jirani yake, mwenye bucha, akimwambia upande wa pili wa mbao, "Huyo msichana wa Kampuni ana adabu, lakini atazeeka bila mume. Kazi gani hiyo ya kupima mchanga mchana kutwa?" Mama Zubeda akamjibu, "Mchanga haumtukani mtu. Wangu alinitukana miaka kumi na mitatu." Nilijifunika blanketi mdomoni ili wasisikie nikicheka. Ijumaa aliniletea pilau kwenye sahani iliyofunikwa kawa, na mimi nilimletea viazi kutoka kwetu nilipokwenda nyumbani. Nilidhani nitakaa pale miaka.

Mwezi wa tano jina langu lilibandikwa ubaoni kwenye korido. Yaani si jina, ni namba. Karatasi ilisema namba hiyo itaripoti Gachoka, kwenye kazi ya daraja, Jumatatu. Hakuna aliyeniita kuniuliza. Nilimtafuta wa kumuuliza, nikatumwa mlango wa pili, na wa pili akanituma wa tatu, na wa tatu alikuwa kwenye likizo. Wote walikuwa wapole. Hilo ndilo jambo ambalo nililiona mapema nikalipuuza: katika mahali pakubwa vile, kila mtu unayemkuta ni mpole na hakuna hata mmoja aliyeamua. Mama Zubeda alinifungia mahamri kwenye gazeti. "Huko Mbeere ni joto," alisema, "na watu wanasema mvua imekataa. Kunywa maji, mwanangu." Nikapanda lori la Kampuni na ndoo yangu.

Mvua ilikuwa imekataa kweli. Ule ulikuwa mwaka wa ukame ambao watu wa rika langu hawahitaji kukumbushwa, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Huku kwetu Buuri palikuwa pabaya, lakini Gachoka palikuwa pameungua. Ng'ombe walitembea mbavu nje. Kampi yetu ilikuwa mabanda ya mabati na makontena kwenye uwanja mwekundu, karibu na mto wa msimu, ule unaojaa ghafla mvua zikija kisha unakauka kabisa. Daraja lilikuwa la kuuvuka mto huo ili watu wa ng'ambo wasikatwe na barabara kila msimu. Maabara ilikuwa ndani ya kontena lenye dirisha moja lililokatwa kwa moto, na ukigusa ukuta saa nane mchana unaungua kiganja. Humo ndimo nilimkuta Njeru, mkuu wangu, ameketi juu ya kiti kisicho na egemeo, akinoa kalamu ya risasi kwa wembe. Alikuwa mwenyeji wa pale pale Gachoka, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye meno yaliyoachana. Aliniangalia buti.

"Wamekupa za nani hizi?"

"Ndizo walikuwa nazo, Mzee."

"Mimi si mzee. Mimi nimekauka tu kama wengine." Akacheka. "Haya, mwari. Nawa mikono, tuanze."

Mwari ni binti kwa Kiembu na kwa Kimeru pia, na ndivyo alivyoniita tangu siku ile. Namba yangu hakuwahi kuitaja. Alinifundisha kazi kwa mikono yake. Zege likimwagwa kwenye nguzo, unachota lile lile, unalijaza kwenye visanduku vya chuma vilivyopakwa mafuta, tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa chuma mara ishirini na tano na zaidi bila kuchoka. Kesho unafungua visanduku, unapata vipande vya mraba kama mikate, unavilaza ndani ya tangi la maji. Vingine unavivunja baada ya siku saba, vingine baada ya siku ishirini na nane, kwenye mashine ya kusukuma kwa mkono, huku ukiutazama mshale ukipanda. Mshale ukifika pale unapofika wakati kipande kinapasuka, hiyo ndiyo nguvu ya zege lililoko kwenye daraja. Njeru alisema kipande kizuri kinapasuka kwa mlio mmoja mkavu, na kuwa unaweza kumjua fundi kwa masikio. Alikuwa na daftari dogo la mfukoni alimoandika kila kitu kabla ya kukiandika kwenye kitabu kikubwa cha Kampuni. Nilimuuliza kwa nini anaandika mara mbili. "Kile ni chao," alisema. "Hiki ni cha kulala vizuri."

Saa saba tulikula pamoja kwenye kivuli cha kontena. Githeri ya yale mahindi ya njano, ambayo watu wa pale waliidharau hata wakiwa na njaa kwa sababu iliacha ladha ya gunia mdomoni, na kunde kidogo ambazo mke wa Njeru, Mama Ireri, alizituma kwenye kibuyu. Mara nyingine alizileta mwenyewe akija na mtungi kutafuta maji. Maji ndiyo yaliyokuwa kila kitu. Kampuni ilikuwa na lori la tangi lililokwenda mbali, mpaka kwenye mto mkubwa, likarudi na maji safi ya kuchanganyia zege. Asubuhi akina mama walisimama njiani na mitungi, na dereva aliwapimia kidogo kidogo. Haikuwa ruhusa ya Kampuni. Ilikuwa ruhusa ya Njeru, maana maji ya zege yalikuwa chini ya maabara, naye alimwambia dereva, "Hawa ni mama zangu. Toa, mimi niko." Injinia alilijua hilo akageuza uso. Injinia wetu aliitwa Gitonga, kijana wa watu, mwenye shati lililopigwa pasi hata kwenye vumbi lile, na tumbo lililomsumbua. Alikunywa maziwa na dawa. Sikuwahi kumwona akimfokea mtu. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu ningependa awe mtu mbaya, na hakuwa.

Mwezi wa saba tulimwaga zege la nguzo ya tatu, ile iliyokaa katikati ya mto. Vipande vya siku saba vilivunjika mapema mno. Njeru alivirudia kuviangalia, akavinusa, akaenda kwa Gitonga kumwambia kuwa nguzo ya tatu haimpendezi na kazi ya juu isimame mpaka tuone vya siku ishirini na nane. Gitonga alikubali kwa kichwa, lakini kazi haikusimama. Kisha ng'ombe wa Njeru wakaanza kuanguka. Aliomba ruhusa ya siku kumi awapeleke waliobaki juu, kwa jamaa za mkewe kwenye miteremko ya mlima upande wa Embu ambako majani yalikuwa bado yapo. Alinikabidhi funguo. "Siku ya ishirini na nane nitakuwa njiani bado," alisema. "Vunja peke yako. Unajua. Andika kile mashine inasema."

Niliamka siku hiyo nikiwa na kiburi kidogo. Nilivitoa vipande vitatu kwenye tangi, nikavipangusa, nikaweka cha kwanza chini ya mashine, nikaanza kusukuma. Mshale ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi. Hapakuwa na mlio wowote. Kipande kilimeguka kando kando kama kiporo cha ugali. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu nikakisukuma polepole mno, kama mtu anayembembeleza mtoto, nacho kikanyong'onyea mbele yangu. Niliandika zile namba kwenye kipande cha karatasi ya saruji nikakitia mfuko wa ovaroli, nikatoka juani kwenda kwa Gitonga.

Ofisi yake na chumba cha redio vilitenganishwa na ubao mwembamba tu. Alinisikiliza, akaniambia ningoje, akaingia kwenye redio kuzungumza na Meru. Nilisikia upande wake peke yake. "Ndiyo, mkuu. Zote tatu… Hapana, mkuu, si mashine… Naelewa. Wageni wanakuja Ijumaa, naelewa… Mkuu, kama tungesimamisha hata wiki mbili…" Redio ikakwaruza. "Sawa. Hapana, sijasema nakataa. Sawa." Alipotoka, jasho lilikuwa limelilowesha lile shati. Aliniambia keti. Hakuwahi kuniambia keti kabla ya siku ile. Akamimina chai kwenye vikombe viwili, chai ya maziwa, katika mwezi ambao watoto wa Gachoka walikuwa wamesahau maziwa.

"Kagendo," alisema, "ripoti inatakiwa leo. Inatakiwa ikiwa sawa. Baadaye wataalamu wa Meru wataangalia hiyo nguzo kwa njia yao."

"Lakini injinia, imeanguka mbali sana. Si kidogo."

"Najua."

"Na Njeru akirudi?"

"Njeru yuko na ng'ombe wake. Leo fundi wa maabara ni wewe." Aliisukuma karatasi kwangu, namba zilikuwa tayari zimepigwa chapa. "Sikiza. Si wewe unasaini hapa. Ni Kampuni inasaini. Wewe ni mkono tu."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa karibu miaka arobaini, na ninachoona aibu kukisema ni kwamba yalinifariji. Niliwaza juu ya ule ubao wa korido, na milango mitatu, na wale wazee wenye kalamu za rangi, nikajiambia kuwa kosa langu litakamatwa na mtu mbele huko. Ndiyo maana wapo wengi. Niliwaza pia kwamba msichana anayekataa huwa anarudi kwao kuchuma viazi. Nikasaini. Halafu nikaimaliza ile chai yote. Nikaenda kuandika namba hizo hizo za uongo kwenye kitabu kikubwa, kwa mwandiko mzuri.

Njeru alirudi baada ya siku nne, vumbi mpaka kwenye kope. Hakuuliza habari. Alifungua kitabu, akasoma, akatoka nyuma ya kontena tulikotupa vipande vilivyovunjika. Alirudi na kimoja mkononi, akakifinya mbele yangu, kikamwagika katikati ya vidole.

"Hiki ni cha nguzo ya tatu?"

"Ndiyo."

"Na hii namba ya kwenye kitabu umeitoa wapi?"

Nilianza kulia, naye akangoja nimalize, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo azungumze.

"Mwari, sikuulizi umeogopa nani. Nimeuliza namba."

Niliitoa ile karatasi ya saruji mfukoni. Sijui kwa nini nilikuwa nimeiweka. Alinakili namba kwenye daftari lake dogo, akaketi. Kisha akaniambia jambo lililomkalia kichwani njia nzima. Alikuwa amemkuta dereva wa tangi njiani, akambana, na dereva akakiri: siku ya kumwaga nguzo ya tatu akina mama walikuwa wengi, aliwapa maji safi zaidi ya nusu, na kwa kuwa aliogopa kuchelewa alilijazia tangi kwenye kidimbwi cha kunyweshea ng'ombe, maji ya chumvi na matope. "Mimi ndiye nilimwambia awape," Njeru alisema. "Hiyo ya kidimbwi sikujua. Lakini mlango niliufungua mimi."

"Basi usiseme," nikamwambia. "Watakufukuza. Na akina mama watanyimwa maji."

"Watanyimwa." Akasugua magoti. "Lakini hiyo nguzo iko katikati ya mto. Maji yakija, yatakuja siku moja yote. Na watu wangu ndio watakuwa juu."

Kesho yake alipanda lori la Kampuni kwenda Meru na daftari lake mfukoni. Nitasema haki kwa Kampuni, maana nimekula chakula chake. Walikuja, watu sita wenye vifaa, wakaitoboa nguzo, wakatoa vipande ndani yake wakavipima wenyewe, na waliporidhika hawakubishana. Waliivunja. Wiki tatu mashine za upepo za kubomolea zilipiga kelele mpaka tukawa tunaongea kwa mikono, na nguzo ya tatu ikashuka yote mpaka kwenye mwamba, kisha ikajengwa upya. Kontrakta mdogo angepaka plasta akaondoka. Nguvu hiyo ya kuvunja kosa kubwa bila kufilisika ni ya mahali pakubwa tu, nami mpaka leo naiheshimu. Katika wiki hizo hizo ikaja karatasi kutoka Meru: maji ya Kampuni yasitolewe kwa mtu yeyote. Asubuhi iliyofuata nilikuwa mbele kwenye lori la tangi, kando ya dereva. Akina mama walisimama njiani kama kawaida. Dereva alipandisha kioo. Nilimwona Mama Ireri mbele ya wenzake, mtungi chini, mkono umeinuliwa kutusimamisha, kisha vumbi letu likamfunika.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja, na mto ukajaa kwa saa moja, mwekundu, ukibeba miti mizima. Tulisimama ukingoni kuiangalia nguzo mpya. Ilikaa. Siku ya pili ya mvua karani alileta bahasha moja ya maabara, ndani yake barua mbili. Ya kwanza ilimwachisha Njeru kazi kwa kutumia vibaya maji ya Kampuni. Vipande havikutajwa, wala daftari, wala nguzo. Ya pili ilinipandisha mimi kukaimu nafasi yake na kunipeleka Nairobi kwa mafunzo ya miezi mitatu. Zote mbili zilikuwa na sahihi moja, ya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Gitonga alihamishiwa kazi nyingine. Ule ukurasa wangu kwenye kitabu kikubwa ulichanwa na wale watu sita wakaenda nao. Nilingoja kuulizwa juu yake. Nilingoja Gachoka, nikangoja Nairobi, nikangoja miaka. Nadhani kama mtu mmoja tu angenifokea ningepona. Hakuna aliyeniuliza mpaka nikastaafu.

Njeru alinikabidhi maabara asubuhi moja ya mvua. Alinionyesha mahali pampu ya mashine inapovuja na namna ya kuikaza bila kuharibu uzi wake. Nilimwambia nitaacha kazi. Nilisema kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuzuiwa.

"Uache uende wapi?" alisema. "Kaa. Unajua kazi sasa."

Nikakaa. Baada ya siku ile sikuandika tena namba ambayo mashine haikusema, na mara mbili nilikataa kusaini mbele ya watu wakubwa, nikahamishwa kwa karatasi ya ubaoni mara zote mbili, mahali pa mbali zaidi. Nilisomesha watoto wangu kwa kazi ile. Nilitibiwa kwa kadi ile. Nilijua wapi pa kwenda kila Jumatatu. Na Njeru alirudi kwenye shamba lake umbali wa mwendo mfupi tu kutoka kwenye daraja, akafyatua matofali ya kuuza, na mimi nilipita pale kwa gari la Kampuni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tulipungiana mikono. Wakati mwingine nilisimama, tukaongea juu ya mvua na watoto. Juu ya nguzo hatukuongea kamwe.

Mazishi yalikuwa marefu kama nilivyohofia. Mtu wa serikali alizungumza juu ya bei ya mbegu. Walipomaliza kufukia, nilijivuta mpaka nyuma ya jiko, nikakaa juu ya gogo kupumzisha miguu, na msichana akaja akanipa sahani ya chakula. Ilikuwa ile sauti ya haraka ya kwenye simu. Aliitwa Wanja. Alisema amemaliza uhandisi chuo kikuu, na ana barua ya kazi kutoka kampuni moja kubwa, na pia kuna mtu wa Embu mwenye kikampuni chake kidogo cha visima anayemtaka. "Nilimuuliza babu akiwa mgonjwa," alisema. "Akaniambia yeye alikaa Kampuni kidogo tu, hawezi kujibu. Wewe ulikaa maisha yako yote, shosho. Ni kuzuri ama ni kubaya?"

Ningeweza kumjibu kwa dakika mbili. Badala yake nilimsimulia yote haya niliyoyaandika, na ile chai ya maziwa pia. Alisikiliza amesimama, kisha akachuchumaa. Nilipofika mwisho nilimwambia nadhani aende, kwa sababu atafundishwa vizuri huko kuliko popote, lakini ajue mapema kwamba siku itafika watamwambia si yeye anayesaini, na siku hiyo atakuwa amechoka na atataka kuamini. Wanja akaniuliza jambo lingine.

"Ulimwambia babu pole?"

"Hapana."

"Miaka hiyo yote?"

"Miaka hiyo yote."

"Na cucu je?"

Nilitikisa kichwa. Bibi yake, Mama Ireri, naye sikumwambia. Akasimama, akanipokea sahani, akanishika chini ya kwapa kama wanavyoshikwa wazee, akaniinua. Mama Ireri alikuwa kwenye benchi chini ya hema lililokwisha kuwa tupu, kitambaa kichwani, mikono mapajani, akiwatazama wanaume wakifungua kamba za hema. Wanja alimwinamia akamwambia kwa Kiembu kwamba mgeni wa Kiirua ana neno. Mama Ireri aliinua macho. Sijui alimwona nani, mimi huyu au yule aliyekuwa mbele kwenye lori. Nilisimama mbele yake kwa miguu yangu mibovu, nikalisema neno hilo kwa Kimeru, polepole ili anielewe, tangu vipande vitatu mpaka kile kioo kilichopandishwa, bila kuacha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, wala hakusema ni mambo ya zamani.

"Nimekusikia," alisema, akasogea kwenye benchi, nikakaa.